Mpigaji wa Mwisho wa Ebara

Shizuoka, 14 Aprili 1974

Mdogo wangu Onda,

Hujambo? Baba yako na mama yako hawajambo, na bustani yao ya machenza imeamkaje baada ya baridi ile? Mimi mzima. Nakula wali bakuli nne kila mlo, na mkono wangu wa kulia una afya kunishinda mimi mwenyewe. Baada ya salamu, habari za huku ni hizi.

Niko kwenye bweni la timu ya pili ya Korongo, klabu yangu mpya ya besiboli. Usidhani nimekuja huku kuwa bwana. Pale shuleni Uwajima ulikuwa ukinifulia jezi kwa sababu tu nilikutangulia mwaka mmoja. Huku nafua jezi za kila aliyenitangulia, na walionitangulia ni wote. Cheka, najua unacheka.

Kocha wa warushaji ni mzee mmoja mfupi, Bwana Samejima, mwenye sauti ya bati linaloburuzwa. Siku ya kwanza alinitazama nikirusha akaniuliza, "We kijana, nani kakufundisha?" Nikamjibu nimejifundisha mwenyewe, kwa kumlenga mdakaji wangu. Akasema, "Huyo mdakaji wako ana bahati kuwa hai." Halafu akataka nibadilishe namna ninavyoinua mguu. Nikamwambia nitabadilisha siku nitakayopigwa. Wenzangu wote wakainamisha vichwa. Nilikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka giza likaingia, lakini mguu bado nauinua ninavyotaka.

Mwaka huu hautaisha kabla sijasimama kwenye kituta cha kurushia cha timu ya kwanza, uniangalie kwenye televisheni. Na wewe nisikilize. Umenidakia miaka miwili, vidole vyako vimevimba kwa ajili yangu, nakushukuru. Lakini udakaji si kazi yako. Mikono yako ni mizito kwenye glavu, ila ikishika gongo inakuwa ya mtu mwingine kabisa. Mwambie kocha akupeleke uwanja wa nje, kazi yako iwe kupiga. Ukinisikia utachaguliwa na timu kubwa. Omba tu isiwe timu inayocheza na mimi.

Jifunike vizuri usiku.

Kaka yako,
Ebara


Uwajima, 24 Novemba 1974

Kaka Ebara,

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo, tunaomba na wewe uwe hivyo. Mama yangu anakusalimu sana. Amekufungia sanduku la machenza, na amesema ule mwenyewe, usiwagawie hao unaowafulia.

Nilikuona kwenye televisheni mwezi wa tisa. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, mara kinyozi akaacha mkasi hewani akasema, "Si yule mtoto wa mama muuza samaki?" Ulisimama kwenye kituta kama vile uwanja ulijengwa na babu yako. Watu watatu walikuja na gongo na watatu wakarudi kukaa. Nilitoka pale na nusu kichwa, nikakimbia mpaka sokoni kumwambia mama yako. Alisema, "Ala, ameanza lini kazi?" akaendelea kupara samaki, lakini magamba alikuwa anayarusha kila upande.

Sasa shika moyo. Nilihamia uwanja wa nje kama ulivyosema, na nimechaguliwa. Ngiri wa Kanazawa. Ndiyo, hao hao mtakaokutana nao kila mwezi kuanzia majira ya machipuko mpaka vuli. Wewe ulinishauri, wewe ubebe.

Kumbuka kwamba mimi ndiye niliyechuchumaa mbele yako miaka miwili. Mpira wako wa kasi naujua, unaojikunja naujua, na ule unaoutupa ukiwa na hasira naujua kuliko yote. Nitakapofika timu ya kwanza sitakuuliza hali yako, nitaanza kupiga tu.

Mdogo wako,
Onda


Shizuoka, 3 Desemba 1977

Mdogo wangu Onda,

Salamu nyingi. Vipi kifua, kimepona? Nikiwa kwenye kituta nilikusikia unakohoa siku ya mwisho ya msimu. Kunywa tangawizi. Mimi niko salama, isipokuwa heshima yangu, ambayo wewe unayo mfukoni.

Umenipiga mwaka mzima. Wapigaji wengine wa Ngiri nawaweka kiganjani, halafu unakuja wewe, unasimama pale na shingo yako ndefu, na kila nikirusha unakuwa umeshajua. Bwana Samejima ameniuliza, "Huyo Onda umemkopa nini?" Nikamwambia alikuwa mdakaji wangu. Akasema, "Basi tafuta mpira ambao hajawahi kuudaka."

Kwa hiyo nautafuta. Unaubana mpira katikati ya kidole cha shahada na cha kati, unaukandamiza mpaka ndani kabisa, halafu unarusha kwa nguvu zile zile za mpira mnyoofu. Ukitoka vizuri, unamjia mpigaji mnyoofu, macho yake yanauamini, na ukimfikia unazama miguuni pake. Shida ni vidole. Vyangu havijapanuka vya kutosha, basi nalala na mpira umefungwa katikati yake kwa kitambaa. Naoga nao. Kwenye bafu la mtaani wazee wananiuliza kama ni ugonjwa. Nawaambia ndiyo, unaitwa Onda.

Mwakani utauona. Hutaupiga.

Kaka yako,
Ebara


Kanazawa, 28 Oktoba 1981

Kaka Ebara,

Shikamoo, bingwa. U hali gani, na shemeji Fusae je? Sisi wazima. Mke wangu Chizuru ana mimba ya miezi sita na ananitumikisha kuliko kocha yeyote.

Hongera. Nasema kwa meno yaliyobana, lakini nasema. Nyinyi mmechukua ubingwa, wewe umechukua tuzo ya mrushaji bora, na kila gazeti la michezo lina picha ya vidole vyako viwili. Watoto wa jirani yangu hapa Kanazawa, mji wa Ngiri, wanacheza barabarani wakijiita Ebara. Nimewafukuza.

Hakuna anayejua kwamba huo mpira wa kuzama uliutengeneza kwa ajili yangu. Nimejaribu kuwaambia wenzangu, wakaniambia nijishushe. Miaka minne sasa wananiona nikipiga hewa, na kocha wetu amefikia kuniuliza kama naona vizuri.

Lakini Julai, kaka. Ile mechi ya Julai sitaisahau. Ulinitoa mara mbili kwa kuzamisha, na mara ya tatu nikasema potelea mbali, nikaufuata chini, nikaupeleka mpaka jukwaani, pigo linalozidi mapigo yote. Nilipokuwa nazunguka vituo nilikutazama nikidhani nitakuta umenuna. Ulikuwa unacheka peke yako pale juu, mabega yanatikisika. Sijawahi kufurahi uwanjani kama siku ile, na nina hakika na wewe ulifurahi, ingawa Samejima alitaka kukumeza.

Jambo moja, na usinikasirikie. Nilimwona Samejima nje ya uwanja akasema mpira huo unakula kiwiko. Upumzishe mkono baridi hii. Nataka kukupiga miaka mingi.

Mdogo wako,
Onda


Kanazawa, 9 Machi 1986

Kaka Ebara,

Shikamoo. Natumaini huko theluji imekwisha na hujambo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, kwa hiyo sitakuuliza mengi.

Nimesikia kuhusu kiwiko. Nimesikia pia umepasuliwa na kwamba uko timu ya pili unafanya mazoezi na watoto. Chizuru aliniambia nipande treni nije. Nikamwambia sijui ungenipokeaje. Ukitaka nije, andika neno moja tu.

Tumekutumia machenza. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyeyachagua, ndiyo maana mengine ni mabichi.

Mdogo wako,
Onda


Shizuoka, 2 Mei 1986

Mdogo wangu Onda,

Nisamehe kwa kimya. Sikuwa mgonjwa wa kushindwa kushika kalamu, nilikuwa nimenuna. Sasa nimechoka kununa. Hali yenu? Mtoto mwambie machenza mabichi niliyala yote, na macho yalinitoka.

Daktari alifungua kiwiko, akatoa vipande vya mfupa, akavitia kwenye kichupa kidogo akanipa kama zawadi. Ananiambia mpira mnyoofu ninaweza kurusha tena, taratibu. Wa kuzama amenikataza. Anasema nikirusha mingi nitashindwa kushika vijiti vya kulia wali.

Mkono unauma, hilo nimelizoea. Linalonitia wazimu ni upole wa watu. Tangu nipasuliwe, kila mtu ananisemesha kama mgonjwa wa kufa. Wapigaji wa timu ya pili, vitoto vya juzi, nikiwarushia mazoezini wanapiga nusu nusu wasije wakaniumiza roho. Juzi kimoja kilikosa mpira ambao mama yangu angeupiga kwa ubao wa kukatia samaki. Nikamwita. Nikamwambia, "Ukinikosea tena kwa makusudi nitakuvunjia hilo gongo." Akalia. Samejima akanikimbiza kuzunguka uwanja, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na watoto wawili. Ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Usije na treni. Utaniletea huruma na sina pa kuiweka. Nitarudi timu ya kwanza, nikurushie, unipige au nikutoe. Hiyo ndiyo dawa.

Kaka yako,
Ebara


Shizuoka, 11 Septemba 1987

Mdogo wangu Onda,

Salamu kwako, kwa Chizuru na watoto. Joto la huku limevunjika, usiku panzi wanalia. Sisi wote wazima.

Nimeitwa ofisini wiki iliyopita. Walinipa chai nzuri, na ukipewa chai nzuri ofisini ujue umekwisha. Nastaafu. Sikubishana. Mwaka mzima nimepandishwa timu ya kwanza mara mbili, na mara zote mbili nilipigwa kama zulia. Wamenipa kazi ya kufundisha vijana, nimeshukuru, na kwa kweli nimeridhika.

Lakini kuna mechi ya kuniaga. Tarehe 17 Oktoba, hapa nyumbani, nyinyi Ngiri ndio wageni. Nitaanza mimi, nimrushie mpigaji wa kwanza tu, kisha nishuke. Na mpigaji wa kwanza wa Ngiri unamjua, unamnyoa ndevu kila asubuhi.

Desturi unaijua pia. Mzee anapanda kituta. Anarusha mipira mitatu minyoofu, mipole. Mpigaji anapiga hewa, mara moja, mbili, tatu, nje. Maua, machozi, mabega ya wenzake, kwaheri. Umeshawahi kuwafanyia hivyo wazee wawili, na ulipiga hewa vizuri sana, nilikuona.

Mimi usinifanyie.

Nakuomba, na hujawahi kuniona nikikuomba kitu. Nipige. Njoo na gongo lako kama ulivyokuja Julai ile, na mimi nitakuja kama nilivyokuja. Nataka kujua kama bado naweza kumtoa mtu mmoja. Mmoja tu. Kama siwezi, nitashuka nikiwa nimepigwa, na nitajua nimestaafu kwa sababu imenibidi. Ukinikosea kwa heshima, nitaondoka kwenye kazi yangu nikisindikizwa kama mgeni aliyelewa, na sitajua kamwe. Miaka yote iliyobaki nitakaa nikijiuliza.

Kaka yako,
Ebara


Kanazawa, 18 Septemba 1987

Kaka Ebara,

Shikamoo. Sote wazima. Barua yako nimeisoma, nikampa Chizuru akaisoma, naye akasema, "Huyu mtu wako ana kichaa." Nimekaa nayo wiki nzima.

Siwezi, kaka.

Mkuu wetu Kurebayashi ameshaniita. Hakuzunguka. "Onda, mara tatu hewani. Ya mwisho itie nguvu ili ipendeze." Akasema atakayetia Ngiri aibu siku ile asijitafute kwenye kikosi cha mwakani. Nina miaka thelathini na mmoja na magoti yananiuma asubuhi. Timu nyingine itamchukua nani, mtu aliyempiga Ebara siku ya kuagwa? Nitakuwa huyo mpaka nazikwa. Watoto wangu wataitwa watoto wa huyo.

Na hayo hata si makubwa. Kubwa ni kwamba nimeutazama mpira wako mwaka huu. Nisamehe, utanichukia, lakini umetaka ukweli. Mpira wako mnyoofu wa sasa nikiuamulia, nautuma jukwaani. Sihitaji hata kuvuta pumzi. Unataka nifanye hivyo mbele ya Fusae na wanao? Mama yako atatoka Uwajima kwa feri na treni, akae mstari wa mbele na kimono chake kizuri, anione mimi, niliyekula samaki wake nikiwa shuleni, nikimdhalilisha mwanawe? Hapana. Niache nikuage kama watu wanavyoagana.

Mdogo wako,
Onda


Shizuoka, 23 Septemba 1987

Onda,

Salamu kwa wote wa nyumbani kwako isipokuwa wewe.

Mama yangu usimsingizie. Ameuza samaki miaka arobaini na hajawahi kumpunguzia mtu bei kwa huruma. Nimempigia simu nikamweleza. Amesema, "Kama yule mrefu anakuja kuigiza, mimi sipandi feri, nina kazi."

Habari ya Kurebayashi naielewa. Una watoto, sitakulaumu ukimsikiliza, na hili nalisema kwa moyo mweupe. Lakini hilo la pili, la kunihurumia kwa sababu unaweza kunipiga, hilo rudisha. Unasema utautuma jukwaani. Vizuri. Njoo uutume. Maneno ya kwenye karatasi hata mtoto wako anaweza.

Sitaandika tena kabla ya siku hiyo. Tutaonana kwenye kibao cha mpigaji.

Ebara


Kanazawa, 20 Oktoba 1987

Kaka Ebara,

Shikamoo, ingawa hustahili. Sikuulizi hali yako. Natumaini mkono unakuuma.

Sikujibu barua yako kwa sababu sikujua nitafanya nini. Sikujua kwenye basi, sikujua wakati wa maua na wimbo. Nilitoka na gongo nikiwa na maneno ya Kurebayashi masikioni, nimeshajipanga, mara tatu hewani, basi. Nikafika kwenye kibao. Wale wazee wengine wawili, nilipofika, walivua kofia wakaniinamia, kunishukuru mapema. Nikakungojea uvue. Hukuvua. Ulinitazama tu kama mtu niliyekuja kumwibia. Hapo nikajua kwamba nikipiga hewa hutanisemesha tena maisha yako yote, na nikaona ni heri nchi nzima inichukie kuliko hivyo.

Mpira wa kwanza ulikuwa mnyoofu. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Ungejua ulivyonoga mikononi. Ukaenda, ukaenda, ukapita nje ya mlingoti wa mpaka kwa upana wa mlango, nikahesabiwa kosa la kwanza. Kaka, hujasikia uwanja ukinyamaza vile. Halafu wakaanza kuzomea. Uwanja wako wote, watu waliokuja na leso, wananizomea mimi. Kutoka benchi letu nikasikia Kurebayashi: "Onda, umerogwa?" Mdakaji wako, yule kijana, akaninong'oneza, "Mzee Onda, si ndiyo ya kuaga hii?" Nikamwambia anyamaze adake.

Wa pili ukautuma kidevuni. Kidevuni, siku ya kuagwa. Nilirudi nyuma mpaka nikakaribia kuanguka, na mwamuzi, kwa sababu ana moyo wa mwamuzi, akasema ulikuwa halali. Kosa la pili. Nikakutazama, ukawa unacheka vile vile.

Sasa nikasema, huyu amejichokea, wa tatu ndio wangu. Mnyoofu, katikati, wa kuagia. Nikauona unatoka mkononi, nikauona unakuja, mnyoofu kabisa, na moyo wangu ukaimba. Nikazungusha kila nilichonacho. Na mpira haukuwepo. Ulikuwa chini, kwenye viatu vyangu, na mimi nilikuwa nimepiga goti moja kwenye vumbi kama mtu anayeposa.

Umeuzamisha. Daktari amekukataza, kila mrushaji aliyewahi kuagwa tangu mchezo huu uletwe nchini ameaga kwa mpira mnyoofu, na wewe umeuzamisha. Wewe ni mwizi. Mimi nilivunja desturi upande wangu nikasahau kwamba upande wako nao unavunjika. Nilikuja kukupiga kwa dhati huku nikikutegemea wewe urushe kwa adabu. Mjinga kama mimi hajazaliwa bado.

Lakini sikiliza kilichonikuta baada ya hapo, maana nimekaribia kupata kichaa. Uwanja ulilipuka kwa makofi. Walidhani nimejirudi. Kurebayashi alinishika bega kwenye benchi akasema, "Vizuri. Ulianza vibaya lakini mwisho umeokoa jina lako." Nikamwambia, "Mkuu, nimekosa kweli." Akacheka akasema ndiyo, ndiyo, na goti lile lilikuwa zuri sana. Gazeti limeandika kuhusu unyenyekevu wangu. Nilimpigia simu Chizuru nikamwambia nimetolewa, nimetolewa haswa, sikuuona mpira. Akasema, "Najua, baba, umefanya vizuri, ila goti lilizidi kidogo."

Hakuna anayeniamini. Nazunguka mji wangu nikiwaomba watu wakubali kwamba nimeshindwa. Jana kwa kinyozi nilimweleza mwanzo hadi mwisho, hata kwa mikono. Akaniambia dunia ingekuwa mahali pazuri kama wote tungekuwa na moyo wangu. Kaka, nilitaka kumnyang'anya mkasi.

Andika uniambie kwamba unajua. Wewe angalau useme.

Mdogo wako,
Onda


Shizuoka, 1 Novemba 1987

Mdogo wangu Onda,

Hujambo, na hasira yako haijambo? Chizuru na watoto nawasalimu kwa mapenzi. Mimi kiwiko kimevimba, daktari hanisemeshi, na Fusae ndiye anayenifunga vifungo vya shati kila asubuhi. Sijawahi kuwa mzima kama nilivyo leo.

Najua. Nilijua kabla wewe hujainuka vumbini. Nimerushia watu miaka kumi na tatu, sihitaji kuambiwa nani amekosa na nani amejikosesha. Mtu anayejikosesha huufunga mwili mapema kidogo, anajilinda asianguke. Wewe ulianguka.

Unaniita mwizi. Sawa, lakini fikiri. Mpira mnyoofu wa kuagia hurushiwa mtu aliyekubali kukosa. Ni vizuri na wenyewe, adabu kwa adabu. Ule wa kwanza ulipopita nje ya mlingoti na uwanja mzima ukakuzomea, nikaona umekuja kweli, umeweka kikosi chako na jina lako mezani kwa sababu nilikuomba. Sasa mtu kama huyo nimrushie zawadi? Ningekuwa nimekutukana. Nilikuwa na mpira mmoja tu bora mkononi mwangu, nilijua ni mmoja na hautarudi, nikakupa wewe. Ulikuwa wako tangu mwanzo.

Mimi pia wananisimamisha njiani kusifu moyo wako. Nilijaribu kumweleza Fusae ukweli, akanipapasa kichwa. Wanangu wanasema mjomba Onda ni mtu mwema. Nimeacha kueleza. Samejima peke yake alikuja chumbani nikivua jezi, akasimama mlangoni, akasema, "Pumbavu. Kiwiko hicho." Alikuwa analia, na nikamwona, na akaona nimemwona, basi wote tukajifanya tunatafuta viatu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miezi yote ile niliyokuandikia kwa kiburi, nilikuwa naogopa. Kupigwa sikuogopa kamwe. Niliogopa kuagwa na watu wema wote hao na kurudi nyumbani bila kujua mimi ni nani. Sasa najua, na naweza kukaa kwenye benchi la timu ya pili na kuwafokea watoto mpaka nizeeke, bila kinyongo na mtu. Wewe ndiye uliyenipa hilo. Nakushukuru, Onda, nakushukuru kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo magoti yako yatunze. Kaa kwenye maji ya moto, punguza pombe ya sake, msikilize Kurebayashi kwa sikio moja. Mwakani wapige wote, na mwaka unaofuata pia, wapige mpaka warushaji wasipende kulisikia jina lako. Wakiniuliza uzeeni nilimtoa nani kwa mpira wangu wa mwisho, nataka nikikutaja wasiniamini.

Kaka yako,
Ebara